Vitabu vya Mama Bedan

Kila Desemba ilipokaribia, Nduku alikosa hamu ya chakula kwa sababu ya mama mkwe wake. Si kwamba Mama Bedan alikuwa mkali. Miaka mitatu ya ndoa ilikuwa imepita bila wawili hao kukwaruzana hata siku moja. Shida ilikuwa zawadi.

Kwa akina Bedan, Krismasi huliwa Gatongora, nyumbani kwa mama. Mbuzi anachinjwa, chapati zinapikwa, na kabla ya kula kila mmoja anasimama na kumpa mama kitu. Wengine hupeleka sufuria au blanketi. Nduku alichagua vitabu. Alikuwa amemwona mama akienda kanisani kila Jumapili, kitambaa cheupe kichwani, Biblia kwapani, akiimba nyimbo zote kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Mtu kama huyo, alijiambia, hawezi kukosa kupenda kitabu.

Yeye mwenyewe alikuwa Mkamba wa upande wa Kithimani, mashariki mwa Thika, na kwao ni Wakatoliki tangu babu. Alipoolewa na Bedan, ambaye kwao ni Waprotestanti, hakuna aliyemwambia aache kanisa lake, ila alijua wako walionong'ona. Mwaka wa kwanza alimnunulia mama kitabu cha sala za asubuhi. Wa pili, hadithi ya mjane aliyesimama na imani yake hadi mwisho. Mama alivipokea kwa mikono miwili, akamwombea, mambo yakaishia hapo.

Mwezi wa nane wa mwaka wa tatu Nduku alienda kumsaidia mama kupaka sebule rangi. Alipokuwa akitoa vitu kwenye kabati la vioo, vitabu vyake vikamjia mkononi. Vyote viwili vilikuwa bado ndani ya plastiki ya dukani, hata kona haijachanika. Akavigeuza. Nyuma ya kile cha sala palikuwa na picha ya Bikira Maria ambayo hakuiona siku ya kununua. Akavirudisha upesi, akachukua brashi, akapaka ukuta ule ule mara mbili bila kujua.

Jioni hiyo, nyumbani kwao Kimbo, alimwuliza mumewe, "Mama aliwahi kusema chochote kuhusu vile vitabu?"

"Si alishukuru," Bedan akajibu. Alikuwa fundi wa pampu za maji, mtu wa maneno machache.

Basi Desemba Nduku akapanda hadi Thika, kwenye duka la vitabu vya dini lililo juu ya duka la viatu. Muuzaji, dada aliyeitwa Janice, akamwuliza anamnunulia nani.

"Mama mkwe."

"Ni wa kanisa gani?"

Nduku akamwambia.

"Na wewe?"

"Mimi ni Mkatoliki."

"Haya, nimeelewa," Janice akasema. "Na yeye anapenda nini, tukiacha kanisa?"

Nduku akafikiri. "Kuku wake. Na habari za watu. Ukimpa habari za watu hatalala."

Janice akamletea kitabu cha visa vya wanawake wa kijijini. Nduku akakitazama kwa tamaa, lakini hofu ikamshinda. Akachukua kingine, mahubiri ya mchungaji wa kanisa lile lile la mama. Hicho, alijiambia, hakiwezi kumkosea mtu.

Siku ya Krismasi mama alikipokea kwa mikono miwili, akaomba, kisha mbele ya macho ya Nduku akaenda moja kwa moja kwenye kabati, akakipanga na vile viwili kikiwa ndani ya plastiki yake, akafunga mlango wa kioo.

Nduku hakuweza tena. Akamfuata jikoni, ambako mama alikuwa amerudi kugeuza nyama.

"Mama, naomba kukuuliza kitu, usikasirike."

"Uliza."

"Vitabu vyangu vimekukosea? Kama ni kwa sababu ya kanisa letu, niambie tu. Nitaleta kitu kingine."

Mama akaweka mwiko chini. Akatazama mlangoni, kisha akauvuta ukafungika.

"Kwani Bedan hajakuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Mimi sijui kusoma."

Akamweleza hapo hapo, moto ukiwaka. Alikuwa kifungua mimba wa watoto saba, na baba yake alisema mkubwa abaki kulea wadogo. Wadogo hao walipokua, alipelekwa kuchuma kahawa huku Ruiru. Nyimbo alizishika kwa masikio. Biblia hufungua pale alipofungua jirani yake, akipima unene wa kurasa kwa jicho.

"Na kwa nini hukuniambia, mama?"

"Wengine wananiletea sufuria," mama akasema. "Wewe, mbele ya watoto wangu wote, ukaniona mtu wa kitabu. Ningeanzia wapi kukuambia? Ile plastiki niliiacha ili moshi usiviharibu."

Nduku akakaa juu ya debe lililokuwa karibu. Miezi minne ya mawazo ilimtoka kwa pumzi moja, akajikuta anacheka na kufuta macho, na mama naye akacheka, akamwambia aangalie nyama isiungue.

Walipomaliza kula, wawili hao wakaingia chumbani kwa mama na vitabu vyote vitatu. Walianza na mchungaji. Kurasa mbili tu, mama akainua mkono.

"Huyu ananihubiria. Nimeshahubiriwa asubuhi."

Nduku akachukua cha sala, akificha upande wa nyuma kwa kiganja.

"Unaficha nini hapo?"

"Ni picha ya Maria, mama."

"Na sisi huwa tunasema Yesu alizaliwa na nani? Soma."

Wakasoma sala moja, kisha wakafungua yule mjane, na huyo hawakumwacha hadi waliposikia watu wakiaga.

Njiani kurudi Kimbo Nduku alimwuliza Bedan, "Ulijua mama hasomi?"

"Nilidhani unajua. Kila mtu pale nyumbani anajua."

"Ukaniacha ninunue vitabu miaka mitatu?"

"Anavipenda. Kila mgeni akija anaonyeshwa."

Alikuwa na mengi ya kumwambia mumewe, lakini moyo ulikuwa mwepesi mno kwa ugomvi. Akamshika mkono, wakaendelea.

Siku hizi, Jumapili akitoka misa, Nduku hupitia Gatongora. Kufikia mwisho wa Januari mjane alikuwa amefika kortini kudai shamba lake, na majirani wawili walikuwa wameanza kuja kusikiliza. Mama huwaambia kwamba macho yake yamechoka. Nduku hukohoa kidogo, halafu anaendelea kusoma.