Mpango wa Syombua

Kwenye semina kanisani Tseikuru, mwalimu Githaiga alituambia tupange maisha yetu, yasije yakajipanga yenyewe. Hakutuambia mvua hupangwa na nani.

Dada yangu Syombua alimwamini. Aliacha kufua nguo za watu, akapanda ndengu shamba zima ili ajitegemee. Mvua ikakataa. Akapanda tena, ikakataa tena. Akabaki na kibuyu kimoja tu cha mbegu, amezichanganya na jivu zisiliwe na wadudu.

Juzi Githaiga alikuja kututembelea. Alimkuta Syombua jikoni, watoto wamezunguka sufuria, kibuyu kitupu kando.

"Mama, ule mpango wako umefika wapi?"

Syombua akasuuza sahani, akampakulia ndengu.

"Ndio huu, mwalimu. Kula kabla haujapoa."