Mama Alisema Ameshiba

Siku moja ya miaka ile ya tisini bado naikumbuka, mwanangu, siku kaka yangu Wachira alipoingia nyumbani kwetu Skuta na kopo la unga wa soya. Wachira alikuwa akinunua mbuzi Doldol na kuwauza Nyeri mjini, na kila akirudi alimletea mama nyama. Lakini mama, ambaye hata miaka sitini alikuwa hajafika, alikuwa ameanza kuisukuma sahani. Nyama hataki, githeri ya mahindi na maharagwe hataki. Nguo zake zilimpwaya.

"Mwenye duka ameniambia hii inarudishia mtu nguvu," Wachira alisema.

Tukawa tunamkorogea kikombe kikubwa asubuhi, mchana na jioni. Alikunywa chote, nasi tukafurahi. Nikimpakulia chakula alisema, "Nimeshiba, Wambui. Hiyo soya imenijaza." Tukaamini. Ni kweli unga ule hushibisha, na tumbo la mtu mzima halidai chakula kama lako wewe. Kopo likiisha Wachira alileta lingine, na mama akazidi kukonda mbele ya macho yetu.

Kisha tata, dada yake mama, akaja kututembelea kutoka Karatina. Alipika mukimo wa viazi vilivyopondwa na mahindi, akaketi kando ya mama, wakala sahani moja. Tonge la pili mama alilimeza akiwa amefumba macho, na machozi yakamtoka.

"Inauma wapi?" tata akamuuliza.

Mama akagusa kifua. "Hapa. Tangu mvua ndefu. Chakula inakwama, ya kunywa ndiyo inapita."

"Na hukuambia watoto?"

"Walikuwa wamefurahi vile nakunywa."

Tata akatugeukia. Hakupaza sauti. "Mlimnunulia kopo. Ni nani alimuuliza kwa nini hali?"

Kesho yake tukampeleka mama hospitali.

Huko walikuta uvimbe kwenye koo la chakula, umeshakua mno. Daktari alisema soya haikumdhuru, ila ilitutuliza sisi wakati ugonjwa ukiendelea. Tulimzika mama kabla ya Krismasi. Wachira aliishi miaka mingi baadaye, lakini hakuketi tena mezani na wazee bila kuwatazama koo wanapomeza.

Sikwambii uutupe unga wa soya, mwanangu. Una nguvu yake. Mpe mzazi wako, lakini ale kwanza ugali na mboga, unga uje nyuma ya chakula, usichukue mahali pake. Kula naye, kwa sababu anayekula peke yake hakuna anayeona anachobakiza. Na akisema ameshiba leo, na kesho, na wiki ijayo, usishukuru. Muulize, kisha mpeleke hospitali hata akikataa.

Mungu akuwekee wazazi wako mpaka nywele zako nawe ziwe nyeupe, na akupe moyo wa kusikia lile wanalokuficha wasikusumbue.