Usifute Kabla Hujahakiki

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, na hata leo nikiisimulia viganja vinaniloa jasho. Usicheke. Wewe unaniona bibi mwenye maneno mengi, lakini siku hiyo sikuwa hata na mate ya kumeza.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, nikiwa kidato cha tano hapa Sumbawanga. Sisi wasichana wa hisabati tulikuwa wachache, tena wa majaribio. Tuliambiwa wazi: mkaguzi anakuja, akiona hisabati imetushinda, darasa linafungwa na kila mtu anarudi kwao. Kwetu Mwazye, mama alikuwa ameshanitangaza kijiji kizima. Ningerudi na uso gani?

Asubuhi hiyo baridi ya Ufipa ilikuwa inakata masikio, mimi natoka jasho. Mkaguzi alikaa nyuma ya darasa, akaninyooshea kidole mimi. Swali lilikuwa la ghala la mahindi la shule: sakafu mraba, kimo kinazidi upande kwa mita moja, lichukue mita za ujazo thelathini na sita. Tafuta upande, na utoe majibu yote ya mlinganyo wako.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikauita upande x, nikaandika: x³ + x² − 36 = 0. Nikajaribu moja, ikakataa, mbili, ikakataa, tatu, ikakubali. Lakini mlinganyo wa kipeo cha tatu una majibu matatu, kwa hiyo nikagawanya kwa x − 3, nikabaki na x² + 4x + 12 = 0. Hapo ndipo moyo uliponipasuka. Majibu mawili yaliyobaki yalitoka hivi: hasi mbili jumlisha kipeuo cha pili cha hasi nane, na hasi mbili toa hicho hicho.

Kipeuo cha pili cha namba hasi! Miaka yote tuliambiwa ukikuta kitu hicho ujue umekosea. Kweli, muhula ule tulikuwa tumefundishwa namba changamano, zinazokubali kitu hicho, lakini kufundishwa na kuamini ni vitu viwili. Nikasikia kalamu ya mkaguzi inaandika. Skola, rafiki yangu, akaanza kulia kwikwi. Nikashika kifutio nifute ubao mzima.

"Nastazia! Weka hicho kifutio chini!"

Alikuwa Mwalimu Tusekile, mwalimu wetu wa hisabati, mama wa Mbeya mwenye sauti kubwa kuliko kimo chake.

"Mwalimu, usimsaidie," mkaguzi akasema.

"Simsaidii, Ndugu Mkaguzi. Namgombeza." Akanigeukia. "Wewe, nani amekwambia umekosea? Umehakiki, au umeogopa tu?"

Loo, aibu niliyoiona! Nikaanza kuhakiki, nikikandamiza chaki hadi ikakatika. Majibu yote matatu yakizidishwa lazima yatoe thelathini na sita, basi nikazidisha yale mawili ya kutisha, moja kwa mwenzake. Vipeuo vikafutana, ikabaki kumi na mbili. Kumi na mbili mara tatu, lile jibu la kwanza: thelathini na sita. Ujazo uleule wa ghala!

"Na haya mawili," mkaguzi akauliza, "tutajengea nini?"

"Hatujengei, Ndugu Mkaguzi. Upande wa ghala ni mita tatu. Haya mengine ni majibu ya mlinganyo, si vipimo vya ghala."

Alifunga faili, akaondoka, akatuacha na wasiwasi wetu mpaka likizo. Mwalimu naye tulimwogopea, maana kumjibu mkubwa hivyo, enzi zile, haikuwa mchezo. Nilirudi shuleni sijui kama nitakuta darasa. Mara lori likaingia na wasichana wapya wa hisabati na masanduku yao ya bati, Mwalimu Tusekile anawapigia kelele washuke taratibu. Nilikaa chini palepale nikalia.

Sasa wewe, mwanangu, nakuona unavyochana karatasi zako mtihani ukikaribia. Woga wako ndio umaskini wako. Kuogopa sikukatazi, mimi mwenyewe naogopa hadi leo. Nakukataza kuharibu kazi yako kwa sababu tu imekutisha. Ihakiki kwanza, mwenda pole hajikwai. Ina kosa, rekebisha. Haina, iache isimame, hata kama macho yako hayajaizoea.

Nenda, Mungu akutangulie. Na ukishika kifutio kwa woga, akupe mtu anayekupenda kiasi cha kukugombeza mbele ya wakubwa.