Kiti cha Nyuma cha Mtumbwi wa Gome

Harufu ya nta inayochemka ndiyo iliyonilea. Hata leo nikiingia ghalani kwangu, hapa mtaani Cheyo, vijana wakiwa wanachuja, harufu ile hunirudisha kwenye kambi ya baba ya kurina asali, kando ya Mto Ugalla, mwisho wa masika, mimi na pacha wangu Doto tukiwa na miaka kumi na miwili. Watu husema mimi ni tajiri wa asali. Wanasema kweli. Shule niliiacha darasa la nne, na leo malori yangu yakipita Nzega hata wenye digrii hugeuka kuyatazama. Sikupewa na mtu. Lakini kuna kitu kimoja nilichokitaka kuliko malori yote, na alikipata Doto.

Mimi ndiye Kulwa, niliyetangulia kuzaliwa. Shati jipya lilianza kwangu, jembe lilianza kwangu, kwa hiyo hata kiti cha nyuma nilijua ni changu. Mtumbwi wa kwetu haukuwa gogo lililochongwa. Ulikuwa gome la mti wa myombo, lile lile tunalotengenezea mizinga ya nyuki. Unalibandua zima, unalipasha moto lilainike, unakunja ncha mbili na kuzishona kwa kamba za gome, kisha unakingamisha vijiti ndani ili mbavu zisifumbe. Mbele alikaa baba na upondo wake, akisukuma magogo yanayoelea. Katikati ulikaa mzigo. Nyuma alikaa mwenye kafi, anayeelekeza chombo, na huyo akisema kushoto, hata baba mzazi anaenda kushoto. Mwaka ule kaka yetu mkubwa alikuwa ameoa na kuhama, kiti kikabaki wazi. Baba akasema kila mmoja wetu atengeneze mtumbwi wake. Atakayeizunguka miti iliyosimama majini na kurudi salama, huyo atavuka naye kwenda kwenye mizinga ya ng'ambo. Mwingine atabaki kambini.

Kosa langu lilikuwa kumtazama Doto badala ya kutazama kazi yangu. Yeye alichagua gome fupi, akainua ncha kidogo tu, tumbo akaliacha lipinde kama ganda la ndizi. Baba alisimama nyuma yake, akatazama ile mikono, akaguna kwa kuridhika. Mguno ule uliniunguza. Nikachagua gome refu kuliko lake. Mbele nikainua kama shingo ya twiga, tumbo nikalinyoosha. Doto aliziba mishono yake kwa udongo wa kichuguu, na bado maji yaliingia kidogo. Nikaapa kwangu halitaingia hata tone. Nikachota masega kwenye ndoo ya baba na, kwa haraka ya kumtangulia, nikayasokomeza mishononi bila kuyachemsha, asali ikichuruzika. Mtoto yeyote wa mrina asali anajua kwamba mzinga mpya hupakwa nta ili kuwaita nyuki. Nami nilijua. Wivu ulinisahaulisha.

Asubuhi mtumbwi wangu ulikwenda moja kwa moja kama mshale. "Doto, utakunywa povu langu!" nilimpigia kelele. Tukafika kwenye miti. Nikapiga kafi, ukakataa kugeuka. Tumbo lililonyooka liling'ang'ania njia yake, na ile shingo ndefu ikasukumwa na upepo hadi nikajibana katikati ya vigogo viwili. Doto alipiga kafi mara moja, akazunguka kama nguchiro. Jua likaipasha ile asali, na nyuki wakaja, kwanza mmoja, kisha wingu zima. Nikaruka majini.

"Kulwa, mwanangu!" baba alipaza sauti kutoka ukingoni, ameshika mti kwa kicheko. "Nilikutuma mtumbwi, wewe umeniletea mzinga!"

"Wapishe wenye nyumba!" Doto akadakia. Kisha akasogea, akanipa ncha ya nyuma ya mtumbwi wake. "Shika hapa. Usipande, utatupindua."

Walivuka wawili, yeye na baba. Mimi nilibaki siku kumi na nne nikichemsha nta kwenye sufuria na kulia. Utajiri wangu ulianzia kwenye sufuria ile, lakini ningeubadilisha siku hiyo hiyo na kile kiti.

Masika ya mwaka huu nilipeleka kambini boti ya bati yenye injini, nikachukue asali ya Doto na, sifichi, aione. Majani yakajisokota kwenye panga la injini, nikakwama katikati ya miti ile ile. Doto akatokea na mtumbwi wa gome, binti yake mbele na upondo.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba."

"Ingia taratibu, Kulwa," Doto akasema. "Kaa hapo kati ya ndoo."

Nikakaa mahali pa mzigo, magoti kidevuni. Nyuma yangu nilisikia kafi likiingia majini bila kishindo, na miti ikitupisha mmoja mmoja.

"Doto, nitakununulia boti kama yangu."

"Ile iliyokwama?"

Binti akacheka. Nikanyoosha mkono nyuma. "Basi nipe hilo kafi, kidogo tu."

"Tukifika."

Tulipofika, Doto alitia kafi begani akaondoka nalo.