Daftari la Bi Zuhura

Jamani, nichekeni mkitaka, maana mkasa huu hata mimi nikiukumbuka najifunika kanga usoni. Mnanijua, Mwanaisha wa Tanga, mkalimani wa wagonjwa hapa Guangzhou. Kazi yangu ni kukaa kati ya daktari na Waswahili wenzangu, Mchina akisema natoa Kiswahili, Mswahili akisema natoa Kichina, kutwa nzima, mpaka nikirudi nyumbani najikuta namtafsiria paka (mume sina, tusiulizane).

Basi mwenzetu Salma, anayenunua nguo pale soko la Shisanhang, alipasuliwa uvimbe, akazinduka akaambiwa kizazi chote kimetolewa, hakuulizwa wala hakusaini, na mtoto hata mmoja hana. Akashitaki. Wakili akaniambia nilete daftari lake la matibabu, lile wanaloliita bingli, ambalo huku mgonjwa hutembea nalo mwenyewe. Lake tu. Sasa mimi kabatini ninayo ya wateja wengi, huniachia yasiwapotee, na mojawapo lilikuwa la Bi Zuhura, aliyepasuliwa na daktari yuleyule na kufanyiwa yaleyale. Yeye hakushitaki. Alinishika mkono siku ile akaniambia, "Mwanaisha mdogo wangu, Hamad asijue, ataniacha." Nikamwapia.

Lakini nikawaza, hakimu akiona wanawake wawili, daktari huyo atatokea wapi? Nikalitia daftari la Bi Zuhura kwenye bahasha. Hakimu atalisoma kimyakimya, nikajidanganya, na mwenyewe nitamwambia baadaye.

Siku ya kesi Waswahili wa mtaa wetu wa Dengfeng tulijaa mahakamani kama tuko msibani, si mnajua sisi hatumwachi mtu peke yake, na mbele kabisa alikaa Bi Zuhura na mumewe, Bwana Hamad wa mikoba, aliyeghairi safari yake ya kununua mizigo Shiling ili aje. Wakili akafungua bahasha, akakuta daftari la pili, akanikodolea macho. Hakimu, mama wa makamo, akauliza, "Hili la nani?"

Hapo ningesema nimekosea, ningekaa chini, yangeisha. Wapi! Nikasimama, nikalichukua, nikaanza kusoma kwa Kichina, na kwa mazoea ya kazi kila sentensi naifuatisha na Kiswahili chake, sauti inafika mlangoni, "Bi Zuhura, mke wa Hamad, ametolewa kizazi chote, hatashika mimba tena..."

Hakimu alikuwa ameshainua mkono kitambo. "Bu xing!" Haiwezekani, neno lilelile ninaloambiwa sokoni nikiomba bei ishuke. Akasema mgonjwa huyu hayumo kwenye kesi, hajaridhia siri yake ifunguliwe, na kosa alilotendewa Salma litapimwa kwa daftari la Salma, kwa hiyo hili lifungwe, lirudishwe kwa mwenyewe. Na mimi, Mungu nisamehe, hata hayo nikayatafsiri.

Nyuma yangu nikamsikia Bwana Hamad, anauliza taratibu, "Zuhura, na dawa zote zile ninazokuletea kutoka Unguja?"

Bwana Hamad akavaa kofia yake, akatoka, na ukumbi mzima wa Waswahili ukatazama sakafu. Nilitamani ardhi ipasuke, haikupasuka, nikaendelea kusimama pale na daftari mkononi.

Kesi ya Salma inaendelea kwa daftari lake peke yake, na wakili ametafuta mkalimani mwingine. Bwana Hamad yuko Unguja, siku ya kurudi hajasema. Madaftari yote nimeyarudisha kwa wenyewe, nimeapa silali tena na karatasi ya mtu kabatini, lakini kiapo changu nani atakiamini sasa?

La Bi Zuhura alilifuata mwenyewe. Hakuvuka kizingiti. Nikaanza kulia, "Dada, nisamehe, ningekuuliza kwanza."

"Ungeniuliza ningekataa," akasema, akilitia kwenye mkoba. "Na wewe ulijua."