Sakafu ya Mama Bernadeta

Ukitaka kukosana na Mama Bernadeta, kanyaga sakafu yake na viatu. Mengine yote anasamehe. Chelewesha kitabu wiki tatu, atakugombeza mpaka jasho likutoke, kisha atakuuliza kama umekula. Lakini sakafu ya maktaba ya chuo kile cha ualimu, kule Temeke, ndiyo roho yake, na ana sababu. Alianza kazi pale akiwa mfagizi, amepiga magoti kwenye saruji iliyopasuka, akasomea ukutubi jioni baada ya kazi, na siku alipokabidhiwa maktaba jambo la kwanza alilodai ni vigae vyeupe. Vilipowekwa tu, akaandika kibao kwa mkono wake, kikafungwa mlangoni kwa skrubu nne: VUA VIATU. Miaka kumi na minne watu wakavua, wageni wakubwa wakubwa nao wakaingia na soksi zao zilizotoboka.

Mwaka huu akaamua maktaba lazima ifikiwe na kila mwanafunzi. Hakuambiwa na mtu. Alimwona binti mmoja wa mwaka wa mwisho, Tusajigwe, amekaa kwenye benchi la nje na magongo yake, akimngoja mwenzake Flaviana amtolee vitabu. Mguu wa kushoto wa Tusajigwe ulidhoofu tangu utotoni. Anauvalia kiatu kilichoungwa na vyuma hadi juu ya goti. Ngazi za mlangoni zilikuwa sita, ndefu, hazina pa kushika. Na vitabu alivyovihitaji zaidi kwa utafiti wake, vile vya kabati la rejea, haviazimishwi; vinasomewa ndani tu. Roho ilimuuma mama wa watu.

Basi akamwandama mkuu wa chuo hadi akakubali. Fundi Venance, mtu wa kwao Masasi, akajenga njia ya mteremko pembeni ya ngazi, akaweka bomba la kushikilia, akapanua mlango, akalishusha kabati la rejea ili hata aliyekaa alifikie. Siku kazi ilipoisha, Mama Bernadeta aliipanda na kuishuka ile njia mara tatu, akicheka peke yake.

Kisha akangoja. Wiki ya kwanza, Tusajigwe hakuonekana. Wiki ya pili akaja Flaviana na kitambulisho cha mwenzake kama kawaida, akauliza kama kitabu cha rejea kinaweza kutoka japo kwa saa moja. Mama Bernadeta akapandwa na hasira. Njia yote ile, utafiti unatakiwa mwisho wa mwezi, na mtu bado amekaa benchini! Akatoka nje pekupeku, hakukumbuka hata ndala zake.

"Shikamoo, mama," Tusajigwe akamwamkia.

"Marahaba. Mwanangu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mama."

"Mbona huingii? Au njia mbaya?"

"Njia nzuri sana. Nilipanda siku ileile ya kwanza, nikafika hadi mlangoni." Tusajigwe akakitazama kiatu chake. "Ila mie hiki sivui, mama. Nikivua siwezi kusimama. Nikaona kibao, nikarudi."

"Si ungeniambia!"

"Nimeshaletewa njia, mama, nikaletewa na mlango. Nianze tena kudai na sakafu?"

Mama Bernadeta akalitazama lundo la viatu mlangoni, ndala kwa raba, limeziba hata kichwa cha njia mpya, na kila asubuhi alikuwa akilipanga yeye mwenyewe. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kutaka kukaa chini. Miezi miwili alikuwa akipima upana wa mlango na urefu wa kabati, na hakuna hata siku moja aliyokitazama kile kiatu.

Venance akaitwa aje na bisibisi.

"Si umruhusu yeye tu aingie navyo, mama? Wengine wavue."

"Ili kila akiingia watu wamwangalie miguu? Kitoe."

"Masika haya? Matope ya Temeke yote yatahamia humu."

"Yahamie. Kitoe, Venance."

"Mie natoa. Ila kibao hiki nilikuwaga nakiogopa kuliko mkuu wa chuo."

Kilipotoka, Mama Bernadeta akavaa viatu vyake, akasimama kidogo kizingitini, akashusha pumzi, akaingia navyo. Wanafunzi wakainua vichwa, midomo wazi. Nyuma yake vyuma vikagonga vigae, taratibu, hadi kwenye kabati la rejea. Tusajigwe akachomoa kitabu mwenyewe, akakifungua palepale amesimama, akasahau hata kukaa.

Jioni Demetria, mfagizi, akaja na ndoo na tambara. Sakafu ilikuwa haitamaniki. Alimkuta Mama Bernadeta ameinama, anafuata alama tangu mlangoni: kiatu kimoja cha kawaida, kimoja kizito, na vidoti viwili vya magongo, hadi kabatini, kisha hadi meza ya dirishani.

"Nianzie wapi, mama?"

"Anzia kule nyuma," akasema. "Hapa paache mpaka kesho."