Mati za Mkulugenzi

Mume wangu alikuwa mkurugenzi kabla hajapata kitu cha kuongoza. Tulikuwa na duka moja la pembejeo mjini Kitale: mbegu za mahindi, mbolea, dawa ya kuku, dawa ya kupe. Mimi ndiye niliyefungua asubuhi, nikapima, nikauza, nikafagia. Yeye alisajili kampuni, akachapisha kadi zenye cheo chake, akaanza kupokea simu akiwa amesimama mlangoni ili wapita njia wasikie. Wafanyakazi wa kampuni tulikuwa sisi wawili na paka. Kwa vile mkurugenzi hakugusa magunia na paka hakugusa panya, kazi yote ilibaki kwangu.

Kisha akanunua gari, dogo, la rangi ya fedha, lililokuwa limepitia mikono ya watu kadhaa. Nilifurahi, nikidhani tutabebea mbolea. Akanieleza kwa upole kwamba gari la mkurugenzi halibebi mbolea. Jioni akawa anakaa na simu akitazama video za mati za gari, zile za raba nene zenye kingo zilizoinuka kama za sinia, ambazo hukatwa kwa kipimo cha gari lako peke yake.

"Hizi ni za majira yote," aliniambia. "Mvua, vumbi, matope. Unamwagia maji tu, basi."

Kwa mtu anayeishi Kitale, ambako udongo mwekundu hukufuata mpaka kitandani, hiyo haikuwa hoja mbaya. Nilikubali.

Fundi aliyesifiwa alikuwa Bungoma, mama mmoja mcheshi mwenye kibanda nyuma ya gereji. Tulimpelekea gari Jumamosi. Alipiga magoti ndani, akatandika karatasi ngumu sakafuni, akafuata kila kona kwa chaki, chini ya pedali na kando ya viti. Alipomaliza akauliza kama tunataka maandishi. Wengine, alisema, huweka jina la mtoto. Mchungaji mmoja aliweka msalaba, kisha akajuta, kwa sababu waumini wake walikataa kuukanyaga, wakawa wanasafiri wameinua miguu. Mume wangu akasema atalifikiria, atapiga simu.

Alipiga Jumatatu, kutoka pale pale mlangoni pake. Nilimsikia vizuri. "Andika Mkulugenzi. Herufi kubwa, rangi ya manjano. Zote nne."

Sikushtuka. Kwetu l na r huazimana nafasi bila kuombana ruhusa, na mimi mwenyewe nikikasirika hutoa maneno ambayo yangemliza mwalimu wangu wa Kiswahili. Isitoshe, huyu ni mtu aliyenitongoza kwa kuniambia ananipenda kweri kweri. Masikio yangu yalikuwa yameshamzoea.

Mati zilipofika, alizitandaza zote nne katikati ya duka, wateja wakaacha kuulizia mbegu wakaja kutazama. Zilikuwa nzuri, sitasema uongo. Nyeusi, zimeshonwa pembeni kwa uzi wa manjano. Miongoni mwa wateja alikuwepo mwalimu mmoja mstaafu aliyekuja kutafuta dawa ya kuku. Alivaa miwani, akainama.

"Mku-lu-genzi," akasoma.

"Ndio," mume wangu akasema. "Mkulugenzi."

"Si ni mkurugenzi?"

"Si ndio nimesema. Mkulugenzi."

Mwalimu alinitazama mimi, mimi nikatazama kopo la dawa. Mume wangu alikuwa bado anatabasamu, akimsubiri mzee amalize kuelewa. Ilinibidi niiname niweke kidole juu ya ile herufi. Tabasamu lilimtoka polepole, na wateja, kwa huruma zao, wote wakakumbuka kuulizia bei za mbegu kwa wakati mmoja.

Alimpigia fundi simu, safari hii kutoka stoo nyuma, mlango umefungwa. Sauti ya yule mama ilisikika mpaka kaunta. "Bwana, mimi naandika vile mteja anasema. Ungesema vingine ningeandika vingine."

Mtu mwingine angezirudisha, akacheka, yakaisha. Mume wangu aliziweka garini, akafunika maandishi kwa magazeti. Magazeti yaliporaruka akanunua nailoni. Kisha akaweka sheria: kiatu chenye matope hakiingii. Wingu likijikusanya upande wa Mlima Elgon, aliacha chochote alichokuwa akifanya, ambacho kwa kawaida hakikuwa kitu, akakimbia kuzitoa mati na kuzileta dukani zisilowe. Mati za majira yote tukawa tunazitumia kiangazi. Mvua ilipokuwa inanyesha, miguu yetu ilikanyaga kapeti tupu, ile ile ambayo mati ziliundwa kuilinda. Nilimuuliza mara moja tu. Alisema mimi sielewi mambo ya magari.

Mwezi wa mvua kubwa tulienda Bumula kumchukua mama yake, tumpeleke Bungoma kliniki ya macho. Asubuhi ilikuwa kavu, kwa hiyo mati zilikuwemo. Mvua ilitukuta kwake. Mama mkwe alitoka nyumbani na gambuti zilizopakwa matope hadi magotini, kuku kwapani, zawadi ya daktari.

"Mama, ungevua hizo viatu kwanza," mume wangu akasema.

Mama mkwe alichungulia ndani. "Hii nailoni ni ya nini?"

"Kukinga mati."

"Na mati?"

"Kukinga gari na matope."

Alifikiri kidogo, akapanda na gambuti zake, akakaa nyuma, akajifungia mlango. Nailoni ikajikunja chini ya miguu yake, herufi za manjano zikatokeza. Akaniuliza zinasema nini, kwa sababu macho yake hayakuweza tena kusoma. Nikamsomea kama zilivyoandikwa.

"Mkulugenzi," akarudia, ameridhika. "Ni vizuri, baba."

Mume wangu akawasha gari. Hatukuwa tumefika lami gari lilipozama. Alikanyaga mafuta, magurudumu yakazunguka mahali pale pale, tukazidi kuzama. Wanaume watatu waliokuwa wakipalilia migomba walikuja kusukuma, wakapakwa matope mpaka kwenye nyusi, gari likakataa.

"Bosi, weka kitu chini ya tairi," mmoja akasema. "Si uko na mati?"

"Hizo haziwezi," mume wangu akasema. "Tutafute mawe."

"Hapa hakuna mawe, bana."

Akaanza kueleza habari za raba na ushonaji. Mama yake hakumsubiri. Alishuka, akampa mmoja wa wale wanaume kuku amshikie, akaivuta mati ya nyuma, kisha ya upande wa pili, akaziingiza mwenyewe chini ya magurudumu na kuzisukuma kwa gambuti. Mimi niliongeza zile mbili za mbele. Sitaficha kwamba nilifanya hivyo kwa raha.

Mume wangu aliingia kwenye usukani. Gari lilinguruma, likashika, likaruka mbele. Mati moja ilirushwa nyuma ikamgonga kifuani yule aliyeshika kuku. Mbili zilichanika. Ya nne ilimezwa na tope, tukaiacha huko huko. Yule aliyegongwa aliikung'uta ya kwake, akaigeuza, akaisoma, akauliza kama anaweza kubaki nayo. Ng'ombe wake hupenda kulala pakavu, alisema.

"Chukua," mume wangu akasema.

Nilitegemea atanuna mpaka Bungoma. Tulipofika kwenye lami akapunguza mwendo, akamwuliza mama yake kama macho yanauma au hayaoni tu, na tangu lini, na kwa nini hakusema mapema. Alisikiliza majibu yote. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kumsikia akiuliza jambo ambalo hakuwa na jibu lake tayari. Daktari alimkataa kuku, akasema hospitali hairuhusu, kisha akamchukua.

Wiki iliyofuata nilipakia mbolea kwenye gari, magunia mawili nyuma na moja mbele, nikamwambia mkurugenzi aende akawafikishie wateja Chwele. Alitazama kapeti iliyokwishakuwa nyekundu, akatazama magunia.

"Niwaambie mimi ni nani?" akauliza.

"Waambie umetumwa na duka," nikasema.